Mbona hadithi ya kusikiliza inakaa kichwani lakini historia inateleza?

#1 FundiKibuye
Wadau salamu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, cherehani ya kukanyaga, kazi ni sare za shule na magauni ya kwaya. Mwaka jana mpwa wangu alinionyesha vile unaweza kupata vitabu vya sauti bure kwa simu, vile vya zamani ambavyo haki zake zimeisha, watu wa kujitolea wanavisoma tu kwa kupenda, nikaachana na redio kabisa. Iliad ya Homer, ule utenzi wa Wagiriki wa kale juu ya vita vya Troy, nimeimaliza yote nikishona, na siku Hector anauawa nilijidunga sindano ya cherehani kidole cha shahada, mteja akadhani machozi ni ya sindano. Hiyo hadithi hata ukiniamsha usiku nakusimulia.

Sasa nikaingia Herodotus, ile historia ya vita vya Wagiriki na Waajemi, saa ishirini na kitu. Nimemaliza juzi. Jana jirani ananiuliza ilikuwa inahusu nini nikabaki na kitu kimoja tu, kwamba kuna mfalme alichapa bahari viboko 300 kwa sababu dhoruba ilimvunjia daraja. Jina lake? Zii. Mwaka? Zii. Alikuwa anaenda wapi? Sijui. Na kichwa ni kile kile, cherehani ni ile ile, spika ya sikio ni ile ile moja ya kulia (ya kushoto ilikufa zamani). Shida ni mimi, ni Herodotus au ni sikio?

#2 DerevaMolo
😂😂 Huyo mfalme angeletwa Dunga, huko ziwani Kisumu, achape gugu maji, angechapa hadi mkono ung'oke.

Fundi pole ya kidole. Mimi nabeba maziwa na pikapu Molo hadi Naks (Nakuru) kila siku kabla jua kutoka. Kutoka Molo hadi Mau Summit nasikia kila neno, nikiingia Salgaa na yale malori, kitabu kinaendelea kuongea lakini mimi sipo. Nikishtuka sura mbili zimepita. Na hadithi ukipoteza dakika kumi si neno, utawakuta bado wanapigana na ni walewale. Historia ukipoteza dakika kumi mfalme ashakufa, mtoto wake anatawala, mji umechomwa, na kuna mwingine ana jina kama la babu yake. Kwa hivyo mimi nasema si sikio, ni barabara. Kwako ni cherehani.

#3 KijanaNaks
Unasikiliza kwa spidi gani? Kama ni ya kawaida ndio hiyo shida, akili inaboeka inatoka inaenda kuhesabu madeni. Weka moja nukta tano. Halafu huyo mfalme ni Darius, tulifanya shule.

#4 MwalimuMstaafu
Hamjambo vijana. Si Darius, ni mwanawe, Xerxes. Darius ndiye jeshi lake lilipigwa Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo. Xerxes alivuka miaka kumi baadaye, 480, akaunganisha mashua kuwa daraja pale Hellespont, ule mlango wa bahari uliopo Uturuki ya leo, akielekea Athens. Viboko 300 ni kweli Herodotus ndivyo anavyosimulia, na pingu zilitupwa majini pia, na mafundi wa daraja wakakatwa vichwa. Fundi shukuru Mungu wateja wa Kibuye wanalalamika tu.

Kuhusu swali lako, nimefundisha historia Kakamega miaka mingi na jibu langu ni jicho. Mtu anayesoma haendi mbele tu kama maji ya mfereji. Wanaopima mwendo wa macho wanasema hata msomaji hodari, katika kila miruko mia ya jicho, kumi hivi au kumi na tano ni ya kurudi nyuma. Unarudi kuangalia jina, unarudi kuangalia mwaka, na wala hujui kama umerudi. Sikio halirudi. Hadithi haihitaji kurudi sana, historia inahitaji.

#5 NyarAhero
Mwalimu shikamoo, pole kwa kuingilia. Huyo Xerxes si ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta? Pasta wetu alisema hivyo.

#6 FundiKibuye
NGOJA KWANZA. Ahasuero?? Yule wa karamu ya siku 180, aliyemfukuza Vashti? Aliyetawala toka Bara Hindi mpaka Kushi juu ya majimbo 127?

Sasa kwa nini huyo Mzungu wa kwenye simu hakusema hivyo mapema, saa zote hizo anasema Zaksiz Zaksiz mimi nashona tu.

#7 MwalimuMstaafu
Wataalamu wengi wanakubali ni yeye, ndiyo. Na Cyrus wa Herodotus ndiye Koreshi, na Darius ni Dario. Wagiriki wenyewe kwenye Biblia yetu ya zamani ni Wayunani.

#8 NyarAhero
Basi mmeona. Shida si sikio wala jicho, ni majina kuvaa nguo za wenyewe. Kumbuka Fundi ametaja 127 bila kufungua Biblia, mimi naweza kuweka dau hajawahi hata kuisoma hiyo Esta, ameisikia tu kanisani tangu akiwa mdogo. Kwa hivyo nambari kwa sikio inaingia vizuri tu.

Dani wangu, yaani nyanya, alikuwa anatusimulia hadithi kwa siwindhe, nyumba ya bibi tunamolala watoto, usiku tukiwa kwa mkeka, taa imezimwa, na kama unajua Simbi Nyaima, ule ukoo wote uliozama ziwani kule Kendu Bay kwa kumnyima mama mzee mahali pa kulala, mimi hiyo niliisikia labda mara hamsini. Hakuna mtu alitusimulia mara moja tu halafu akatuuliza maswali. Fundi umesikiliza Herodotus mara ngapi?

#9 FundiKibuye
Mara moja. Lakini Iliad pia mara moja dada.

#10 MlamuBondeni
Jamani, huku Nakuru mtaa wa Bondeni tupo watu wa pwani wachache, ngoja niseme langu. Iliad ni shairi. Herodotus ni nathari. Hapo ndipo penye tofauti, mnazunguka bure.

Babu yangu hakujua kusoma hata jina lake lakini tendi alizijua kwa kichwa, usiku kucha. Utendi ni beti za vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya kwanza vina kina chao na cha nne kinashika kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukisahau kipande, kina chenyewe kinakuita, na ukikosea neno mizani inakuumbua mbele za watu. Bwana Mwengo wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka 1728, humo mna Herekali mfalme wa Rumi na vita vyake na Waislamu. Huyo Herekali ni mfalme wa kweli, yumo hata kwenye vitabu vya historia vya Wazungu kwa jina la Heraclius. Mimi habari zake nilizijua kabla sijaingia darasa la kwanza, kwa sikio. Mngempa Herodotus mizani minane, Fundi angekuwa anaimba saa hii.

#11 Omubukusu_Asili
Mulembe wadau. Mlamu umesema vizuri lakini umeruka kitu. Mizani inashika maneno, haishiki ukweli. Mtunzi akikosa kina anaongeza askari elfu kumi. Kwa hivyo Fundi atakumbuka vizuri sana kitu ambacho hakikutokea hivyo.

Tena Homer naye. Kuna mtafiti Milman Parry alienda Yugoslavia miaka ya 1930 kurekodi waimbaji wa vijijini, mmoja hakujua kusoma wala kuandika na 1935 aliimba utenzi wa zaidi ya mistari 12,000. Ukimuuliza mwimbaji kama anarudia neno kwa neno atakwambia ndiyo, halafu wakilinganisha rekodi na rekodi si sawa. Alikuwa anatunga upya kila mara. Huyo hakuwa anakumbuka, alikuwa anashona kama Fundi.

Sasa miaka. Wazee wetu Bungoma hawakusema 1895. Walisema vita vya Chetambe, na rika fulani ndio walikuwa vijana, na babu yako fulani alipona. Sisi Wabukusu tuna marika manane yanazunguka, Bachuma, Basawa, Bakolongolo na wenzao. Ukitaja rika unaona nyuso za watu. Ukisema 480 kabla ya Kristo naona nini? Hakuna mtu ndani ya 480. Miaka ya vitabuni ni nyumba tupu.

#12 SautiYaChuma
Mnajisumbua. Kusikiliza si kusoma. Mtu akisema "nimesoma Herodotus" na alikuwa anakanyaga cherehani, huyo amesikia redio tu. Shika kitabu.

#13 Mtulivu_Siaya
SautiYaChuma karibu, mimi sioni tangu nikiwa na miaka mitatu, nilisomea Kibos, shule ya wasioona, nina digrii ya historia. Kwa hesabu yako ni ya redio?

Sijakasirika, nacheka tu, hii nimeambiwa mara nyingi. Ila mjue hivi vitabu vya sauti si vyenu, nyinyi ni wageni waliokuja wakakaa kwenye kiti. Uingereza vilianza 1935, kwenye sahani za gramafoni, kwa ajili ya watu wasioona, wengi askari waliopofuka kwenye vita vya kwanza vya dunia. Riwaya moja ilikuwa rundo la sahani unageuza moja baada ya nyingine. Mwaka huo wa kwanza kulikuwa na Agatha Christie na Joseph Conrad.

Jibu langu kwa Fundi. Nyinyi mnaoona mmezoea karatasi ikumbuke badala yenu. Najua kwa sababu wenzangu chuoni walikuwa wanasema "hiyo iko ukurasa wa kushoto, chini, karibu na picha". Kumbe hawakumbuki habari, wanakumbuka mahali. Mkinyang'anywa karatasi mnabaki na viboko 300. Mimi sikuwahi kuwa na hiyo karatasi kwa hivyo nilijifunza kusimama. Kila sura ikiisha nazima, namsimulia mtu, hata kama ni mbuzi. Ndio naendelea. Na mimi nasikiliza kwa spidi ambayo mkisikia mtadhani ni nyuki, kwa hivyo KijanaNaks spidi nakubaliana na wewe, lakini imenichukua miaka.

#14 DerevaMolo
Hata kama ni mbuzi 😂😂 mimi nitasimulia maziwa.

#15 KijanaNaks
Mtulivu heshima. Nimeenda kuchimba kidogo. Kuna utafiti wa 2016 uligawa watu, wengine wakasikiliza kitabu, wengine wakasoma kwa skrini, wengine vyote pamoja, wakawapima, hakuna tofauti ya maana. Mwingine wa 2019 wa California uliwaweka watu tisa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, hadithi zile zile wakizisikia na wakizisoma, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na maana zilikuwa karibu sawa kabisa. Kwa hivyo SautiYaChuma pole.

Lakini kuna wa 2010, wanafunzi wa chuo, waliosikiliza somo kama podikasti walifanya vibaya kwenye mtihani kuliko waliosoma maandishi yake. Kwa hivyo pia Mwalimu hajashindwa. Mimi nimechanganyikiwa.

Halafu si vitabu vya sauti vilianzishwa na ile kampuni ya Audible 2008?

#16 Mtulivu_Siaya
Nimetoka kuandika 1935 ndugu yangu, umeniruka. Hao Audible wenyewe walianza 1995, 2008 ndio walinunuliwa na Amazon.

#17 KijanaNaks
Nilikuwa nasoma kwa macho sasa 😂 hizo ndio shida zake

#18 MwalimuMstaafu
Tuangalie pia huo utafiti wa kwanza ulitumia hadithi au somo. Wa ubongo ni hadithi za kusimuliwa, wa 2010 ni somo la darasani. Hiyo ndiyo tofauti aliyouliza Fundi mwenyewe, hadithi na somo.

#19 MamaLanet
Nimesoma uzi wote nikipika, ugali umeshika chini, na bado sijaelewa mbona hamumwangalii yule anayesoma. Nyinyi mnaongea sikio, jicho, jina, mizani, lakini msomaji je?

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza mwenyewe, riwaya yake ya Kikuyu ilipotoka 1980, ile aliyoiandika gerezani Kamiti kwa karatasi za chooni, watu walikuwa wanasomewa. Jioni nyumbani mtoto aliyeenda shule anasomea wote, saa ya chakula wafanyakazi wanakusanyika, hadi kwenye basi na kwenye baa. Na kwa baa msomaji akifika pahali patamu na glasi yake iko tupu, anaweka kitabu chini. Wenyewe wanapiga kelele aongezewe chupa ndio aendelee. Huyo msomaji anajua pa kusimama! Anawaangalia macho. Yule wa kwa simu hajui kama umetoka kwenda kununua uzi.

Na Fundi kuna watu wa kazi kama yako kabisa, wasokota sigara wa Kuba, Havana, tangu 1865 walikuwa na mtu anakaa juu anawasomea magazeti na riwaya wakiwa wanasokota, na mshahara wake walichanga wenyewe mfukoni. Inasemekana hata zile sigara za Montecristo zimeitwa hivyo kwa sababu walipenda sana ile riwaya ya Dumas. Mikono ikifanya kazi ya mazoea sikio linafunguka, kwa hivyo hapa DerevaMolo sikubaliani na wewe, cherehani haina hatia.

#20 DerevaMolo
Mama mimi nilikuwa nasema Salgaa. Salgaa haina mazoea.

#21 SautiYaChuma
Sawa nimesikia, Mtulivu nisamehe, sikufikiria upande huo. Lakini bado nasema kama ni mtu ana macho yake mazuri ashike kitabu. Pia hiyo ya baa inaonyesha kwamba historia inataka bia.

#22 Mtulivu_Siaya
Umesamehewa. Ya bia naunga mkono.

#23 FundiKibuye
Asanteni wote, kazi ilikuwa nyingi, shule zimefungua. MamaLanet na DerevaMolo nyote mko sawa kidogo, nimejichunguza wiki hii nikaona kitu. Nikishona mshono mrefu, tuseme upande wa sketi, mguu unakanyaga, mkono unasukuma, nasikia kila kitu. Nikikata sisikii. Kwa sababu nikikata nina nambari kichwani, kiuno 28, mapaja 38, urefu 24, ongeza nusu inchi ya mshono. Na huyo wa simu naye anasema merikebu 1207. Nambari zinapigana! Moja lazima itoke, na mimi siwezi kutoa kiuno cha mtoto wa watu. Juzi nimekata sketi ya kidato cha kwanza kiuno 32 nikidhani ni 28 kwa sababu ya Waajemi. Iliad nakumbuka nilikuwa na oda ya mapazia ya kanisa wiki tatu, kushona tu mistari mirefu, hakuna kukata.

#24 Omubukusu_Asili
Kwa hivyo si shairi, si jina, si jicho, ni mapazia 😂 Mlamu kuja ujibu.

#25 MlamuBondeni
Iliad ina orodha ya merikebu pia, sura ya pili, ndefu, nambari tupu. Fundi hiyo unaikumbuka?

#26 FundiKibuye
...Hapana. Hiyo nililala nayo.

#27 NyarAhero
Mimi nauliza nje kidogo ya mada, za Kiswahili ziko wapi? Nimetafuta nikapata Biblia, nikapata muhtasari wa setibuku za watoto wa fomu foo, basi. Kuna programu moja ya simu nilijaribu isome makala ya Kiswahili, ikasoma ng'ombe kama inakabwa.

#28 KijanaNaks
Turekodi wenyewe, simu ziko. Huko LibriVox, ule mtandao wa vitabu vya sauti vya bure vinavyosomwa na wanaojitolea, walianza 2005 na ni watu tu wa nyumbani kwao.

#29 MwalimuMstaafu
Taratibu hapo. Kwa sheria ya Kenya maandishi yanalindwa hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufa, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliokufa. Kwa hivyo riwaya za juzi huwezi kuzisoma ukaziweka hadharani bila ruhusa. Tendi za kale hizo ni sawa, mwenyewe ni wa 1728. Na kwa wasioona kuna mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaowafungulia mlango wa kupata vitabu kwa njia wanayoweza kuvisoma, Mtulivu anaujua kuliko mimi.

#30 MlamuBondeni
Mimi nikisoma Tambuka mtaniletea wapi? Sauti ninayo ila kifua kimeanza kupungua.

#31 NyarAhero
Wewe rekodi tu baba, tutapeana hapa hapa.

#32 FundiKibuye
Narudi na ripoti. Nimefuata Mwalimu na NyarAhero pamoja. Nimeanza kitabu cha saba upya, kile cha Ahasuero, na nimechora ramani kwa chaki kwenye karatasi ya patani, bahari hapa, daraja hapa, Athens kule, majina ya Kibiblia. Sasa kuna mama wa kwaya alikuja kupimwa gauni akaona patani ya mkono wake imeandikwa SARDI. Akaniuliza hii si ile ya Ufunuo? Nikamwambia ndiyo mama, hapo ndipo jeshi lilipumzika msimu wa baridi. Akavuta stuli. Akasema toa hiyo kitu masikioni nisikie na mimi, lakini ni Kizungu cha zamani hashiki, kwa hivyo nasimamisha kila dakika tano namwambia kwa Kiswahili, akikosa kuelewa naongeza Kiluo. Siku ya pili amekuja na mwenzake, ya tatu na mtu wa duka la simu hapo kando. Tuko Thermopylae, pale Wagiriki wanazuia njia. Na nakumbuka yote, majina na nambari, sasa sijui ni ramani, ni Biblia, ni kurudia, ni kutafsiri, ama ni vile wananiangalia mdomoni.

#33 Mtulivu_Siaya
Hao ndio mbuzi niliokuwa nasema.

#34 DerevaMolo
Na gauni la mama limeisha?

#35 FundiKibuye
Mkono mmoja.